Mnyororo Ulio Ndani ya Injini

Umewahi kuendesha baiskeli yenye mnyororo uliolegea? Mnyororo unapigapiga, na ukipanda mlima unaruka meno. Dawa yake unaijua. Unalegeza nati za gurudumu la nyuma, unalivuta nyuma kidogo, kisha unakaza.

Injini nyingi za magari zina mnyororo pia. Huuoni kwa sababu una kifuniko chake. Mnyororo huo huunganisha mihimili miwili. Mmoja ni krankshafti, ambayo huzungushwa na pistoni. Wa pili ni kamshafti, ambayo hufungua valvu. Krankshafti ikizunguka mara 2, kamshafti huzunguka mara 1. Hesabu hiyo ikikosewa kwa meno machache, valvu hufunguka wakati usio wake. Katika injini nyingi pistoni huzigonga na kuzipinda. Hapo gari haliendi tena, na matengenezo yake ni ya fedha nyingi.

Mnyororo huu nao huchakaa kwenye viungo, ukawa mrefu. Nani ataukaza wakati injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika? Kazi hiyo hufanywa na oili. Upande ambao mnyororo hulegea kuna pistoni ndogo. Springi huisukuma, na oili kutoka kwenye pampu huisukuma zaidi. Nayo husukuma kibao kilichopinda, na kibao hukandamiza mnyororo.

Upande wa pili, ule unaovutwa, kuna kibao kingine. Hiki hakisogei. Huzuia mnyororo usichezecheze kama kamba ya watoto ya kuruka. Katika injini ya Toyota iitwayo 22R, ya miaka ya 1980, kibao hiki kilikuwa cha plastiki. Kilipovunjika, mnyororo ulisugua kifuniko mpaka ukakitoboa, na maji yakaingia kwenye oili. Mafundi wengi waliweka kibao chenye chuma.

Gari likilala usiku kucha, asubuhi mnyororo huenda ukalia kidogo, kwa kuwa oili haijafika. Sauti ikiisha baada ya sekunde 1 au 2, endelea na safari. Isipoisha, zima injini, umwite fundi. Wapo madereva wanaofungulia redio ili wasiisikie!

Pima oili kabla ya kuwasha. Kijiti cha kupimia kina alama 2. Oili ikipungua sana chini ya ile ya chini, pampu huvuta hewa, na hewa haikazi mnyororo.