Kwa nini Debian haitoki haraka?

Kwa mwenye ordinatere huku Kabambare, kupakua programu mbovu ni kupoteza mega na pesa. Debian, aina moja ya Linux, ni programu ya bure inayoendesha ordinatere kama vile Windows. Watu wa kujitolea wanaitengeneza tangu 1993. Mbele ya kutoa toleo jipya, kikundi cha waratibu kinafunga mlango hatua kwa hatua: mambo mapya hayaingii tena, watu wanarekebisha makosa tu. Programu yenye kosa kubwa inaweza kuondolewa. Ndiyo maana toleo la 12 lilitoka tarehe 10 Juni 2023, na la 13 tarehe 9 Agosti 2025. Ukishaliweka kwenye flashi, jirani naye analisimika bila intaneti.