Gari likizimika kwa joto, lipime papo hapo

Pikapu kuukuu ya kabureta ikitoka Mbagala alfajiri na mchicha, haisumbui. Safari ya pili, saa saba mchana kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, inazimika. Ikipoa inawaka, lakini ikifika soko la Temeke Stereo mchicha umenyauka na bei imeshuka.

Gereji hulipokea gari likiwa limeshapoa. Fundi haoni kasoro, hubahatisha spea, nawe unalipa.

Hivyo, mwite alipime linapozimika. Geji ikionyesha joto limezidi, tatizo ni upoozaji. Asifungue mfuniko wa rejeta. Geji ikiwa kawaida, na hakuna petroli iliyovuja, achomeke plagi ya akiba kwenye waya wake, aigusishe na chuma cha injini kwa koleo lenye mpini wa plastiki, kisha upige stata. Cheche isipoonekana, anzeni na koili. Iliyochoka huweza kugoma ikipata joto. Ikionekana, huenda petroli imegeuka mvuke bombani. Poozeni pampu na bomba kwa kitambaa chenye maji. Likiwaka mara moja, chanzo mmekipata.

Plagi moja na kitambaa ni nafuu kuliko mzigo wa mchicha ulionyauka.