Umejaza mabondo, ripoti haina mabondo: jinsi data inavyopotea kimya kimya

Chukua mfano wa karani aliyesimama mwaloni Igombe, jijini Mwanza, asubuhi mitumbwi inaporudi kutoka ziwani. Mkononi ana simu yenye programu ya kuandikia samaki walioshushwa: mwalo, tarehe, aina ya samaki na kilo. Visanduku vinne, basi.

Siku moja anaambiwa aanze kuandika pia mabondo, kile kibofu cha hewa cha sangara ambacho hukaushwa na kusafirishwa hadi China, na bei yake kwa kilo huipita mbali ile ya minofu. Fundi anaongeza kisanduku kwenye simu. Karani anajaza, anabonyeza "Tuma", simu inajibu "Imetumwa".

Miezi mitatu baadaye ripoti inafunguliwa. Kilo za samaki zipo. Mabondo? Hakuna hata gramu moja.

Hakuna aliyeiba wala aliyefuta. Data ilifika kwenye seva, ikatupwa mlangoni, na programu haikusema kitu.

Data husafiri vipi?

Ndani ya simu, taarifa hukaa kwenye umbo lililopangwa na mwandishi wa programu, kama fomu yenye visanduku. Ili zisafiri hadi seva, lazima zigeuzwe kuwa umbo linaloweza kutumwa, kama vile maandishi. Kazi hiyo huitwa serialaizesheni. Kwa lugha ya mtaani, ni kufungasha mzigo.

Mfungasho unaotumika sana ni JSON. Kila kitu huandikwa kwa jina na thamani yake, hivi:

{"mwalo": "Igombe", "tarehe": "2025-03-04", "samaki": "sangara", "kilo": 42, "mabondo_gramu": 900}

Seva ikipokea, inafungua mzigo na kuweka kila kitu kwenye fomu yake. Tatizo linaanzia hapo: fomu ya seva bado ina visanduku vinne vile vile. Hilo "mabondo_gramu" litakaa wapi?

Jibu linategemea lugha na zana iliyotumika. Zana nyingine hugoma na kutoa kosa. Nyingine hukaa kimya. Kwenye Go, lugha iliyotangazwa na Google mwaka 2009, zana yake ya kawaida ya JSON huruka jina isilolijua na kuendelea na safari, isipokuwa iambiwe wazi ikatae.

Bora hata ile inayogoma. Angalau mtu atajua kuna shida siku hiyo hiyo.

Hata wakubwa waliteleza

Google pia wana mfungasho wao uitwao Protocol Buffers. Toleo la tatu lilipotoka, lilikuwa linatupa kila kisanduku lisichokijua. Baadaye wenyewe wakarudi nyuma: kuanzia toleo la 3.5, la mwaka 2017, visanduku visivyojulikana vikaanza kuhifadhiwa tena.

Dawa: mfuko wa ziada

Suluhisho si kuvunja fomu yote. Vile visanduku vinne vibaki palepale, maana vina kazi: programu inajua kilo lazima iwe namba na tarehe lazima iwe tarehe. Kinachoongezwa ni mfuko mmoja pembeni, wa kupokea chochote kitakachokuja kesho.

Wakati wa kufungasha, vilivyomo mfukoni hutolewa na kupangwa sambamba na vile vinne. Wakati wa kufungua, jina lolote lisilo na kisanduku huingia mfukoni badala ya kutupwa.

Kwa wanaoandika Java, zana ya Jackson inafanya hivyo kwa alama mbili: @JsonAnyGetter wakati wa kufungasha na @JsonAnySetter wakati wa kufungua. Kwenye Rust, zana ya Serde ina neno "flatten". Kwenye Go, fundi mara nyingi huandika mwenyewe hatua za kufungasha na kufungua. Kwenye Python, kamusi ya kawaida hupokea jina lolote, ila ukaguzi wote unabaki juu ya fundi.

Kwa njia hii, leo yakiongezwa mabondo na kesho joto la maji kwenye vizimba vya sato, seva haipotezi kitu.

Mitego mitatu

Mfuko usio na utaratibu nao ni hatari.

Kwanza, majina kugongana. Mtu akiweka "kilo" nyingine ndani ya mfuko, mzigo unaweza kutoka na "kilo" mbili. Kanuni ya JSON, RFC 8259 ya Desemba 2017, inaonya kwamba majina yakijirudia, matokeo hayatabiriki. Programu nyingi huchukua la mwisho na kuacha la kwanza. Kwa hiyo majina ya mfukoni yakaguliwe kabla ya kufungasha.

Pili, kitu kimoja majina matatu. Dagaa wa Mwanza ndiye omena wa Kisumu na mukene wa upande wa Uganda. Kila mtu akijiongezea kisanduku kwa jina la kwao, samaki mmoja anageuka watatu kwenye hesabu. Ziwa ni moja, na nchi hizo tatu zilikubaliana mwaka 1994 kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Takwimu zake zikikusanywa bila majina ya pamoja, hazijumlishiki. Jina la kitaalamu, Rastrineobola argentea, linamaliza ubishi.

Tatu, aina ya thamani. Mmoja anaandika 900, mwingine "gramu 900", mwingine 0.9 akimaanisha kilo. Mfuko unapokea vyote bila kulalamika. Ndiyo maana ni vizuri kipimo kiwe ndani ya jina lenyewe, kama ilivyo "mabondo_gramu".

Jaribio la dakika tano

Mwenye programu anaweza kujipima leo leo. Atume rekodi moja yenye kisanduku kigeni, tuseme "jaribio", kisha aisome rekodi hiyo hiyo kutoka kwenye seva. Kama "jaribio" limerudi, mfuko unafanya kazi. Kama halimo, kuna tundu, na kuna data imekuwa ikivujia hapo.

Neno "Imetumwa" kwenye simu halitoshi. Linasema mzigo umeondoka, halisemi nini kimepokelewa. Na mabondo ya miezi mitatu iliyopita hayawezi kupimwa upya, yalishauzwa zamani.