Dalili Zisizokwisha, Majibu ya Kawaida: Ugonjwa wa Sheehan na Swali Lisiloulizwa

Mgonjwa anapoelezwa kwamba vipimo vyake vyote ni vya kawaida, aghalabu hutarajiwa kushukuru na kurudi nyumbani. Wapo, hata hivyo, wanaoipokea habari hiyo kwa huzuni, kwa kuwa miili yao inawaambia jambo jingine.

Chukua mfano wa mwanamke mwenye umri wa miaka 34 ambaye kwa miaka mitano amekuwa akitoka zahanati kwenda kituo cha afya, na kituo cha afya kwenda hospitali. Analalamikia uchovu usiokwisha hata baada ya kulala usiku kucha. Anasikia baridi ilhali wenzake wanajipepea. Akisimama ghafla, huona giza. Hedhi yake haijarudi tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Amepimwa malaria, homa ya matumbo, Virusi vya UKIMWI, sukari na wingi wa damu. Mara mbili amepimwa TSH, kipimo kinachotumika sana kuchunguza tezi ya shingo, yaani thairoidi, na mara zote mbili jibu lilikuwa ndani ya kiwango. Ameambiwa kwamba ni mawazo. Jirani anadai ni jini. Mumewe ameanza kudhani ni uvivu.

Kuna swali moja ambalo hajaulizwa: alijifunguaje mara ya mwisho? Angeulizwa, angeeleza kwamba kondo la nyuma lilichelewa kutoka, akatokwa na damu nyingi mpaka akazimia, akaongezewa damu, na kwamba maziwa hayakutoka hata siku moja. Maelezo hayo mafupi yana thamani kubwa kuliko majibu yote yaliyomo katika faili lake, kwa kuwa yanaelekeza kwenye ugonjwa wa Sheehan.

Tezi ndogo yenye kazi nyingi

Chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa kilicho nyuma ya pua, ipo tezi ya pituitari. Ukubwa wake haupiti sana punje ya njegere. Sehemu yake ya mbele hutoa homoni zinazoziamuru tezi nyingine: moja huiamuru thairoidi, nyingine huziamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo kutengeneza kortisoli, nyingine mbili huziamuru ovari. Hutoa pia prolaktini, inayowezesha maziwa ya mama kutengenezwa, na homoni ya ukuaji.

Wakati wa ujauzito tezi hii hunenepa sana, hususan seli zake zinazotengeneza prolaktini. Hata hivyo, damu inayoilisha hupita kwa sehemu kubwa katika mishipa yenye msukumo mdogo. Kwa hiyo mahitaji yake yanaongezeka ilhali njia ya kuyatimiza ni dhaifu. Mama akitokwa na damu nyingi na shinikizo la damu likaporomoka, pituitari huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kukosa damu, na sehemu yake hufa. Mwanapatholojia Mwingereza Harold Sheehan aliueleza uhusiano huo kwa kina mwaka 1937, na ugonjwa ukapewa jina lake.

Katika nchi ambazo uzazi umekuwa salama zaidi, ugonjwa huu umekuwa adimu. Mahali ambapo mama bado hujifungulia nyumbani, husafirishwa mbali au husubiri damu ya kuongezewa, hauwezi kuhesabiwa kuwa ni jambo la vitabuni tu. Tena mara nyingi huja polepole: seli zilizosalia huweza kuutegemeza mwili kwa muda, na miaka mingi, wakati mwingine zaidi ya kumi, hupita kati ya uzazi na utambuzi.

Jinsi TSH inavyoweza kupotosha

TSH haitengenezwi na thairoidi. Hutengenezwa na pituitari ili kuiamuru thairoidi ifanye kazi. Thairoidi yenyewe inapougua, pituitari huhisi upungufu na kuongeza amri, hivyo TSH hupanda. Ndiyo maana kipimo hicho kinafaa sana kwa wagonjwa walio wengi. Kwa mgonjwa wa Sheehan, aliyeugua ni mtoa amri. Homoni ya thairoidi inapungua, lakini hakuna wa kupaza sauti. TSH inaweza kuwa chini, inaweza kuwa ndani ya kiwango, na pengine ikawa juu kidogo, kwa kuwa pituitari iliyoharibika huweza kutoa TSH isiyo na nguvu kamili.

Mfano wa mlinzi wa usiku unasaidia. Mlinzi aliye macho akinyamaza, wenye nyumba wana haki ya kulala kwa amani. Mlinzi aliyelala akinyamaza, ukimya wake si ushahidi kwamba mwizi hajaingia. TSH ya kawaida ni ushahidi wa usalama pale tu pituitari inapokuwa macho.

Hivyo basi jibu la maabara halikuwa la uongo. Lilijibu swali lililoulizwa, nalo halikuwa swali lililohitajika.

Yanayopaswa kuulizwa na kuangaliwa

Mhudumu wa afya hahitaji mashine kuanza kuushuku ugonjwa huu. Kwa mwanamke mwenye uchovu wa muda mrefu, maswali machache yanatosha. Je, alitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua au baada yake? Alizimia au kuongezewa damu? Maziwa yalitoka? Hedhi ilirudi? Nywele za kwapani na za kinena zimepungua, au zilizonyolewa hazikuota tena?

Kukosa maziwa baada ya kutokwa na damu nyingi, kisha hedhi isiyorudi, ni dalili mbili zenye uzito mkubwa zinapoandamana. Nyingine ni kusikia baridi, ngozi kavu na iliyopauka, kukosa hamu ya kula, kupungua hamu ya tendo la ndoa, shinikizo la damu la chini hasa mgonjwa anaposimama, na sukari kushuka. Tofauti na ugonjwa unaoanzia katika tezi za adrenali zenyewe, ambao huifanya ngozi na fizi kuwa nyeusi zaidi, mgonjwa wa Sheehan hupauka.

Hata vipimo vya kawaida vya hospitali ya wilaya huweza kudokeza. Sodiamu iliyo chini bila sababu iliyo wazi na upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma ni mambo yanayopaswa kumfanya mhudumu arudi kwenye historia ya uzazi.

Vipimo vinavyojibu swali

Kipimo cha kwanza ni homoni ya thairoidi yenyewe, FT4, ikipimwa pamoja na TSH. FT4 iliyo chini huku TSH ikiwa haijapanda inavyostahili huelekeza kwenye pituitari. Hata FT4 iliyo ukingoni mwa chini wa kiwango haipaswi kupuuzwa kwa mwenye historia kama hii.

Kipimo cha pili ni kortisoli, na damu yake huchukuliwa asubuhi, takriban saa mbili, kwa sababu homoni hii hupanda asubuhi na kushuka jioni. Jibu lililo chini ya mikrogramu 3 kwa desilita, sawa na nanomoli 80 hivi kwa lita, huashiria upungufu. Jibu linalozidi mikrogramu 15, yaani nanomoli 415 hivi, hulifanya jambo hilo kutowezekana kwa urahisi. Yaliyo katikati huhitaji kipimo cha kuchochea adrenali kwa sindano, katika hospitali yenye uwezo huo. Mitego miwili ikumbukwe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza kortisoli inayoonekana katika damu na huweza kuficha upungufu. Pia, katika wiki za mwanzo baada ya pituitari kuumia, adrenali bado huwa na nguvu ya kuitikia sindano, na jibu likaonekana zuri.

Kipimo cha tatu ni homoni za LH na FSH. Mwanamke ambaye ovari zake zimechoka kwa umri huwa na FSH ya juu. Mwanamke asiye na hedhi ambaye FSH yake iko chini, au hata "ya kawaida", ana tatizo juu zaidi ya ovari. Prolaktini iliyo chini huongeza ushahidi. Picha ya MRI, inayopatikana katika hospitali kubwa za rufaa, huonyesha aghalabu kishimo cha pituitari kilicho tupu au karibu kuwa tupu. Ukosefu wa MRI, hata hivyo, si sababu ya kuchelewesha tiba pale homoni na historia zinapokubaliana.

Tiba ina utaratibu wake

Hapa ndipo kosa dogo linapoweza kugharimu uhai. Mgonjwa aliyegunduliwa kuwa na FT4 ya chini huweza kuanzishiwa levothairoksini peke yake. Dawa hiyo huuamsha mwili na kuongeza kasi ya kuvunjwa kwa kortisoli. Ikiwa kortisoli yenyewe ni haba, mgonjwa huweza kuangukia katika hali ya hatari: kutapika, maumivu ya tumbo, shinikizo la damu kuporomoka, kuchanganyikiwa na hata kifo. Kwa hiyo kanuni ni moja: kortisoli ipimwe, na upungufu wake utibiwe, kabla ya levothairoksini kuanza.

Tiba ya kila siku ni vidonge vya haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 15 hadi 20 kwa siku, vikigawanywa mara mbili au tatu na dozi kubwa ikiwa ya asubuhi. Visipopatikana, prednisoloni kwa dozi ndogo huweza kutumika kwa maelekezo ya daktari. Levothairoksini hufuata, na dozi yake huongozwa na FT4, si TSH. Mwanamke ambaye hajafikia umri wa kukoma hedhi hupewa pia homoni za ovari ikiwa hakuna kizuizi, ili kulinda mifupa na afya yake. Anayetamani mtoto asikate tamaa. Zipo tiba za kibingwa zinazoweza kumsaidia.

Mgonjwa na familia yake wafundishwe kwamba dawa ya kortisoli haisimamishwi ghafla. Akipata homa, dozi huongezwa mara mbili au tatu mpaka apone. Akitapika na kushindwa kuhifadhi dawa, akimbizwe kituoni. Huko apewe sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na maji ya chumvi kwa mshipa, sukari yake ipimwe na irekebishwe, bila kusubiri majibu ya maabara. Kadi inayotaja ugonjwa wake na dawa zake, ikikaa katika pochi, huweza kumwokoa siku asiyoweza kusema.

Si kila uchovu ni homoni

Haki inadai upande wa pili nao usemwe. Watu walio wengi wenye uchovu na vipimo vya kawaida hawana ugonjwa wa pituitari. Sonona, usingizi mbovu, kifua kikuu, kazi nzito isiyo na mapumziko na ugumu wa maisha huchosha kweli, navyo vinastahili uchunguzi na tiba. Kumwambia mgonjwa "ni mawazo" bila kumchunguza sonona ni kumnyima huduma mara mbili.

Kadhalika, wapo walioharibu mfumo huu kwa dawa. Deksamethasoni na prednisoloni zinazonunuliwa ili kuongeza mwili, na krimu kali za kung'arisha ngozi zenye steroidi, huinyamazisha pituitari. Zikiachwa ghafla, kortisoli hukosekana na dalili hufanana na zilizotajwa. Mhudumu aulize kwa upole, na mgonjwa ajibu bila kuona haya. Anayezitumia asiache kwa siku moja, bali amwone daktari azipunguze kwa utaratibu. Tembe za kuotesha nywele zenye biotini nazo huweza kuvuruga majibu ya thairoidi katika baadhi ya mashine, kwa hiyo zitajwe kabla ya kutoa damu.

Namna ya kurudi kliniki

Mgonjwa ambaye dalili zake hazijaisha ana haki ya kurudi, na kurudi kwake si ubishi. Aende na karatasi zote za vipimo badala ya kueleza tu kwamba majibu yalikuwa mazuri, ili ionekane ni nini kilipimwa na nini hakikupimwa. Achukue kadi ya kliniki ya uzazi ikiwa anayo. Aandike lini dalili zilianza na nini kilitangulia. Kisha aseme kwa ufupi: "Daktari, tangu nilipojifungua na kutokwa na damu nyingi sijawahi kuwa mzima. Maziwa hayakutoka, na hedhi haijarudi." Sentensi mbili hizo humfikishia daktari jambo ambalo karatasi ya TSH haiwezi kulibeba.

Kwa mhudumu, wajibu huanza mapema zaidi, wodini. Mama aliyenusurika kutokwa na damu nyingi aulizwe kuhusu maziwa kabla ya kuruhusiwa, na aulizwe tena kuhusu maziwa, nguvu na hedhi anapomleta mtoto kwa chanjo. Kiasi cha damu kilichopotea kiandikwe katika kadi yake kwa maneno yanayosomeka. Miaka mitano baadaye, mhudumu mwingine katika kituo kingine anaweza kuisoma kadi hiyo, akaagiza FT4 na kortisoli ya asubuhi, na safari ndefu ya mwanamke yule ikafika mwisho.