Usonji Katika Nyumba ya Askari: Wapi pa Kuanzia, Nini cha Kubeba

Yapo majina ya mahali mkoani Morogoro ambayo kila ayasikiaye hukumbuka jeshi: Pangawe, Mzinga, Ngerengere. Katika nyumba za maeneo hayo, na katika nyumba za kupanga zilizopanda hadi miguuni mwa milima ya Uluguru, hukua watoto ambao baba au mama zao ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Baadhi yao wana usonji. Makala haya yanawahusu wao na wazazi wao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema utotoni na kugusa mawasiliano, mahusiano na tabia. Haisababishwi na malezi mabaya, laana wala chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyoihusisha na chanjo ya surua ilifutwa rasmi na jarida lililoichapisha mwaka 2010.

Dalili zilizojificha

Mfano ufuatao nimeutunga kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kliniki, ili isiwepo familia itakayotambulika. Mtoto wa kiume alikuwa na maneno machache alipofikisha mwaka mmoja na nusu. Baba yake alipokwenda kulinda amani nje ya nchi, mama alipanda Mgeta kukaa na wazazi wake. Maneno yakapotea. Bibi alisema mtoto anamkumbuka baba yake. Baba aliporudi, mtoto hakumkimbilia wala kumtazama. Jamaa wakasema amemsusa. Walipohamia karibu na kambi, aliziba masikio kila aliposikia kelele. Majirani wakasema bado ni mgeni. Alipoletwa hospitalini alikuwa na umri wa miaka minne.

Katika familia hii hakuna aliyekuwa mzembe. Kila dalili ilikuwa na maelezo yanayoingia akilini, na maelezo hayo yalitoka katika maisha yenyewe ya askari: kuondoka, kurudi, kuhama. Hapo ndipo familia za wanajeshi hupoteza muda ambao familia nyingine hazipotezi.

Tofauti inaweza kuonekana. Mtoto anayemkumbuka mzazi huweza kulia, kununa au kukosa usingizi, lakini bado huonyesha kwa kidole kitu anachokitaka, hufuata macho yako unapotazama ndege, huleta kitu ili ukione, na huigiza kupika au kuendesha gari. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hukosa mambo hayo, haitikii jina lake ingawa husikia redio ikilia chumba cha pili, na huweza kupanga vizibo vya chupa mstari mmoja kwa saa nzima. Mtoto yeyote aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, kwa umri wowote, apelekwe kwa daktari bila kusubiri baba arudi.

Milango ya kubisha

Mlango wa kwanza ni kliniki ya mama na mtoto au kituo cha tiba cha kikosi. Mzazi asiseme tu "mtoto hasemi". Aeleze ni nini mtoto hafanyi, na tangu lini. Akiweza, arekodi kwa simu dakika mbili za mtoto akicheza. Aombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na ikihitajika, Hospitali ya Taifa Muhimbili au Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, Dar es Salaam.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Utambuzi hutokana na kumtazama mtoto na kuwasikiliza wanaomlea. Hata hivyo usikivu wake upimwe kwanza, na daktari aulizwe kuhusu kifafa na kuhusu malaria kali iliyowahi kumpata, kwa kuwa hali hizo huweza kufanana na usonji au kuambatana nao.

Mlango wa pili ni halmashauri. Afisa Ustawi wa Jamii na afisa anayesimamia elimu maalumu ndio wanaojua shule ipi ina kitengo na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma bila kubaguliwa, na mzazi anaweza kuitaja bila kugombana na mtu. Mjini Morogoro kipo pia Kituo cha Mehayo, kinachohudumia watu wenye ulemavu wa akili. Si kila mtoto mwenye usonji ana ulemavu huo, lakini wazazi waliotangulia kupita njia hii mara nyingi hupatikana mahali kama hapo.

Mlango wa tatu ni nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Msingi wake ni kutumia shughuli za kila siku. Mama anayeishi mlimani, ambaye nauli ya bodaboda kushuka mjini ni mzigo, anaweza kumfundisha mtoto wakati wa kumenya ndizi: amsubiri amtazame, ataje neno moja, ampe kipande, arudie. Dakika chache kila siku humsaidia zaidi kuliko safari moja ya mbali isiyo na mwendelezo.

Barua ya uhamisho

Turudi kwa yule mtoto. Baada ya miezi minane alikuwa amepata mwalimu, akaanza kuomba maji kwa kuonyesha picha ya kikombe. Ndipo barua ya uhamisho wa baba ikafika. "Daktari," mama aliniambia, "kila tukihama mimi naanza moja."

Nchini Marekani, askari mwenye mtoto wa mahitaji maalumu huandikishwa katika mpango mahususi, na kabla ya kupangiwa kituo kipya huangaliwa kama huduma zinazohitajika zipo huko. Ni jambo ambalo majeshi yetu ya Afrika Mashariki yanaweza kulitafakari. Lakini mzazi hahitaji kungoja mpango. Taarifa ya daktari iwasilishwe kwa maandishi kwa mkuu wa kikosi mapema, kabla ya barua yoyote kutoka, ikitaja huduma anazohitaji mtoto. Wapo askari wanaoficha wakidhani wataonekana dhaifu. Mkuu hawezi kuzingatia asichokijua.

Vilevile kila familia iwe na daftari la mtoto. Liandikwe utambuzi na tarehe yake, dawa kama zipo, maneno na ishara anazotumia, vinavyomtisha, vinavyomtuliza, na hatua aliyofikia na mwalimu. Daftari hilo lisafirishwe mkononi, si ndani ya lori la mizigo. Mwalimu mpya akilisoma, mtoto haanzi moja.

Aliyeko mbali, aliyebaki

Askari aliye mbali aweza kutuma sauti yake ikisema maneno yaleyale kila jioni. Mtoto mwenye usonji hupata utulivu katika kujirudia. Kurudi kusiwe kwa kushtukiza. Siku zihesabiwe kwa picha ukutani, na baba akifika akae karibu na mchezo wa mtoto bila kudai kukumbatiwa.

Na mama aliyebaki aulizwe hali yake. Kukosa usingizi, kulia bila sababu na kukata tamaa ni dalili za ugonjwa unaotibika, na sisi madaktari tuna wajibu wa kuuliza kabla hajafunga mlango wa kliniki.

Yule mama alihama. Alibeba daftari, taarifa ya rufaa na ile picha ya kikombe. Katika kituo kipya, mtoto alimwonyesha mwalimu wake picha hiyo siku ya tatu, akapewa maji.