Je, Huko Kazini Yupo Mtu Wetu?

Kila mara kijana wa parokia yetu ajapo ofisini kuomba barua ya Padre, ili aende mjini kutafuta kazi, mzazi aliyemsindikiza huniuliza swali lile lile: "Karani, huko aendako yupo mtu wetu?"

Swali hili si la ujinga. Mzazi ajua ya kuwa mgeni asiye na wa kumshika mkono hupewa kazi ya mwisho na mshahara wa mwisho. Lakini ndani yake mna hatari pia. Tukisema "mtu wetu," twataka mlango ufunguliwe kwa kila afaaye, ama twataka ufunguliwe kwa kabila letu na kufungwa kwa wengine? Nitawasimulia habari ya mji mmoja wa Marekani, nanyi wazazi mtapima wenyewe.

Mji huo ni Rochester, katika jimbo la New York. Huko ndiko ilikoanzia kampuni ya Xerox, iliyopata sifa kwa mashini ya kunakili maandishi iliyotolewa mwaka 1959. Fedha ziliingia kwa wingi na kazi zikaongezeka, lakini watu weusi wengi wa mji huo walibaki nje ya milango ya viwanda. Mwezi wa Julai 1964 yakazuka machafuko makubwa. Maduka yakaporwa, watu wakafa, na askari wakaitwa kutuliza mji.

Baada ya hayo, viongozi wa makanisa waliwasaidia watu weusi kuunda chama chao, kilichoitwa FIGHT, chini ya mchungaji Franklin Florence. Mkubwa wa Xerox, Bwana Joseph Wilson, hakuwafungia mlango. Alikubali kukaa nao na kuwasikiliza, na kampuni ikaanza kuwafundisha kazi watu ambao zamani wasingepokelewa.

Basi watu weusi wakaingia. Je, mambo yakaisha? La, hasha! Kuingia mlangoni ni jambo moja, kukaribishwa mezani ni jambo jingine. Wauzaji weusi waliona kwamba wanapewa mitaa yenye wateja haba. Na kwa kuwa mapato yao yalitegemea mauzo, mtu aliweza kutembea mchana kutwa na bado akarudi na kidogo. Tena kila mmoja, akiwa peke yake, alidhani kosa ni lake.

Kuanzia miaka ya 1970 wakaanza kukutana baada ya kazi, hata majumbani mwao. Hapo walifanya mambo mawili. Kwanza, walifundishana. Mzoefu alimwonyesha mgeni namna ya kusema na mteja na namna ya kuieleza mashini, maana walijua ya kuwa mvivu hatetewi. Pili, waliyakusanya malalamiko yao, wakayapeleka kwa wakubwa kwa pamoja. Neno la mmoja hupuuzwa kwa urahisi, lakini neno la wengi wafanyao kazi vizuri huwa zito.

Wengine wakaiona faida. Wanawake wakaunda kikundi chao, vivyo hivyo wenye asili ya nchi za Kispanyola na wale wa asili ya Asia. Hapo palikuwa na mtego: vikundi vingi vingeweza kugombana kama kuku juu ya punje moja. Lakini kila kikundi kilipewa mmoja wa wakubwa wa kampuni awe msikilizaji wake, na viongozi wa vikundi wakawa na nafasi ya kukaa pamoja mbele ya wakubwa. Hivyo shida ya mmoja ikajulikana kwa wote.

Matunda yalichelewa, lakini yalikuja. Mwaka 1980 msichana mweusi, Ursula Burns, aliingia katika kampuni hiyo kama mwanafunzi wa kazi. Mama yake, mtu wa asili ya Panama, aliwalea watoto watatu kwa kufua, kupiga pasi na kulea watoto wa wengine, na akampeleka binti yake shule ya Kikatoliki mjini New York. Mwaka 2009 binti huyo akawa mkuu wa kampuni nzima.

Sisi Wakatoliki tusistaajabu. Tangu mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba wafanya kazi wana haki ya kuungana ili kusaidiana.

Lakini tuangalie tofauti. Kikundi cha haki humfundisha mgeni na kuomba mlango uwe wazi kwa wote. Kikundi cha ukabila hugawana vyeo gizani. Nacho hakiko mjini tu. Katika ghala la ushirika wetu, katika zahanati, hata katika ofisi hii ya parokia niandikamo, yafaa tujiulize: je, mtoto wa wahamiaji, au mjane, au kijana mlemavu, hupimwa kwa kazi yake, ama kwa jina la ukoo wake?

Ndugu mzazi, mwana wako aendapo, usimwambie tu atafute mtu wetu. Mwambie kwamba akiisha kupata nafasi, naye awe mtu wa yule mgeni ajaye nyuma yake. Hapo kila mzazi, wa kabila lo lote, atajibiwa: "Naam, yupo."