Ukiitwa msumbufu, mlango wa korti unafungwa

Haya, leo tuongee sheria kidogo, maana kuna moja hapa Kenya ambayo wengi hawaijui. Ni Sura ya 41, inayohusu watu wenye mazoea ya kufungua kesi zisizo na msingi. Mwanasheria Mkuu anaweza kuomba Mahakama Kuu imtangaze mtu wa aina hiyo kuwa mlalamishi msumbufu. Lazima apewe nafasi ya kujitetea. Lakini akishatangazwa, hafungui kesi tena bila kibali cha Mahakama Kuu, na kibali hapewi mpaka aonyeshe kwamba kesi ina mashiko.

Siilaumu yote. Fikiria jirani anakuburuta kortini kila mwaka kwa shamba lile lile, nauli juu yako, wakili juu yako. Wewe mwenyewe utaililia sheria hii.

Kinachonikera ni kwamba anayepeleka ombi ni Mwanasheria Mkuu, na ndiye anayeitetea serikali ukiishtaki. Jaji ndiye anayeamua, sawa, lakini mwombaji ana timu yake.

Tena mnyonge amewahi kufungiwa nje hata bila Sura ya 41. Mwaka 1989 Wangari Maathai alienda Mahakama Kuu kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Kesi ikatupwa: eti yeye hana haki ya kushtaki, wa kushtaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu. Yule yule! (Jumba halikujengwa, lakini si korti iliyolizuia.)

Katiba ya 2010 ikabadilisha mambo. Kifungu cha 22 kinamruhusu yeyote kushtaki kwa manufaa ya umma haki za msingi zikivunjwa, na kufungua kesi hiyo hakutozwi ada. Okiya Omtatah, ambaye si wakili, amefungua kesi chungu nzima hivi. Wapo wanaomwona msumbufu. Lakini Novemba 2023, katika kesi yake na wenzake, Mahakama Kuu ilisema makato ya nyumba kwenye mishahara yanakiuka Katiba, na serikali ikarudi bungeni kutunga sheria mpya 2024.

Kwa hiyo kama unajisimamia bila wakili, ukishindwa kata rufaa. Usiifungue kesi ile ile upya korti nyingine. Kesi moja mbovu itatupwa na utalipa gharama, basi. Ni kurudiarudia ndiko kunakokuletea Sura ya 41.